Mizani ya Mbugani

Mtu aliyekulia Newala huujua ushirika kabla hajajua kusoma. Baba yangu alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha korosho, na kila msimu ulipofunguliwa mlango wetu uligongwa na watu wa aina mbili: waliokuja kumwomba na waliokuja kumlaumu. Mara nyingi walikuwa walewale, wiki tu ndizo zilizotofautiana. Ndiyo maana niliposikia kwamba wakulima wa kakao wa Kyela wameingizwa katika mfumo wa stakabadhi ghalani, uleule ulioanzia kwetu Mtwara kwenye korosho mwaka 2007, nilitaka kwenda kujionea. Mbeya sikuwa nimewahi kuikanyaga. Kyela niliijua kwa mchele wake tu, kama Watanzania wengi wanavyoijua.

Korosho imetupitisha mengi. Aprili 2013 wakulima wa Liwale walichoma nyumba za viongozi wa siasa na wa ushirika kwa hasira ya malipo yaliyokuja pungufu. Novemba 2018 Rais John Magufuli aliagiza jeshi lizibebe korosho, serikali ikatangaza kuzinunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wako waliozisubiri fedha hizo hadi wakachoka kuuliza. Serikali, mnunuzi na dalali tunawasema kila siku, tena kwa sauti. Chama chetu wenyewe tunakisema chinichini, tukiangalia kwanza nani amekaa karibu. Nilitaka kujua kama zao lililoingia nyuma yetu limepata namna ya kumlinda mkulima dhidi ya chama chake mwenyewe.

Barabara ya Mtwara hadi Songea kupitia Masasi na Tunduru ni ya lami, na haina mengi ya kusimulia isipokuwa urefu wake. Songea, Njombe, Makambako, halafu Mbeya usiku, na baridi ambayo mtu wa pwani ya kusini huiona kama adhabu asiyojua kosa lake. Asubuhi nikapanda Coaster ya Kyela pale Uyole.

Kuanzia hapo safari ilinikamata. Gari lilipanda hadi Isyonje, likashuka Kiwira, na pande zote mbili migomba imesongamana hadi kwenye madirisha ya nyumba za watu. Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 3,000, ulikuwa umejifunika ukungu. Kuelekea Tukuyu chai imelala mabondeni, imekatwa usawa mmoja. Abiria walikuwa na masweta, wengine wamejifunga vitenge viwili viwili. Mbele ya Tukuyu konda akapaza sauti: "Ushirika! Wa Ushirika sogea mlangoni!" Nikashtuka. Jirani yangu, mzee aliyeshika mkoba wa zamani wa ngozi, akacheka. Ni jina la kituo, akasema. "Wengine wote ushirika uliwapita, hawa wakabaki nao kwenye kibao."

Nilimwamkia upya, maana shikamoo ya kwanza pale Uyole ilikuwa ya haraka. Alikuwa bwana shamba mstaafu akirudi Ipinda. Alipojua ninachokifuata Kyela, akaufunga mkoba na kukaa upande, kama mtu anayejiandaa kwa mazungumzo marefu. Alinieleza kwamba kabla ya Uhuru Kyela ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rungwe, na kwamba ushirika wa enzi hizo uliwafunga pamoja watu wa juu wenye kahawa na watu wa chini wenye mpunga. "Sisi wa chini tulilalamika kwamba ofisi iko juu," alisema. "Wa juu wakalalamika kwamba sisi wa chini tunalalamika sana. Lakini chama kilikuwa chetu. Ukigombana na ndugu yako bado ni ndugu."

Kisha akafika kwenye mwaka 1976. Wazee wa ushirika wote nchini huufikia mwaka huo. Mei 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika, na kazi ya kununua mazao ikapelekwa kwa mamlaka za mazao zilizokuwa chini ya serikali. Vijiji, kwa sheria ya mwaka uliotangulia, vikahesabiwa kuwa ndivyo ushirika. Yeye alikuwa kijana mwajiriwa mpya. "Hakuna mwanachama aliyeulizwa," alisema. "Mwaka 1982 vikarudishwa kwa sheria nyingine. Napo hakuna aliyeulizwa. Sasa mtu aliyenyang'anywa kitu bila kuulizwa, akarudishiwa bila kuulizwa, mwanangu, atakiita chake?"

Nimesoma mambo mengi kuhusu ushirika wa Tanzania na sikumbuki kuukuta ugonjwa wake ukielezwa kwa maneno machache kuliko hayo. Tume na kamati hatukukosa. Mwaka 1966 kamati maalumu ya Rais ilichunguza vyama, ikakuta ubadhirifu, viongozi wasiojua hesabu na wanachama wasiojua haki zao. Sheria ya 1991 ikasema ushirika uwe wa hiari na ujitegemee. Mwaka 2000 kamati nyingine ya Rais ikakaa, ikafuatiwa na sera ya 2002 na sheria ya 2003. Kisha ikaja Sheria ya Vyama vya Ushirika Namba 6 ya mwaka 2013, iliyounda Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kila mageuzi yalikuja na karatasi nzuri, na kila mara karatasi hizo zilianzia juu zikiteremka, zikifika kwa mwenye gunia zimechoka.

Baada ya Ushirika barabara inaanza kushuka kwelikweli. Masweta yakavuliwa moja moja, vitenge vikafunguliwa, na tulipofika chini madirisha yote yalikuwa wazi na joto limeingia ndani kama abiria aliyelipa nauli. Nchi ikawa tambarare. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamevunwa, mabua yamesimama kwenye matope yaliyokauka, na kandokando ya nyumba za matofali miti ya kakao imejificha chini ya migomba na michikichi. Baiskeli zilikuwa nyingi kuliko nilivyowahi kuziona mahali pamoja. Mzee alibadili gari kuelekea Ipinda. Nami nikateremka Kyela na kuelekea Mbugani, kwa rafiki yangu mwalimu niliyesoma naye chuo.

Mama mkwe wake ndiye aliyekuwa mwalimu wangu halisi wa kakao. Yeye ni mkulima, mwanachama wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, ya kijijini kwake, mjane mwenye kicheko kikubwa na asiyekubali mgeni ale kidogo. Tulikwenda shambani kwake asubuhi, baada ya mbalaga, mlo wa ndizi wa huku, iliyonishinda kumaliza. Maganda ya kakao hutoka kwenye shina lenyewe na kwenye matawi makubwa, si kwenye ncha za matawi kama nilivyodhani, manjano na mekundu. Alilipasua moja kwa gongo fupi bila kuzijeruhi mbegu, akanipa nionje ule utando mweupe. Ni mtamu wenye uchachu, hauna hata chembe ya chokoleti. Mbegu mbichi hutiwa kwenye sanduku la mbao, zikafunikwa majani ya mgomba, zikachachuka kwa siku 5 au 6 zikigeuzwageuzwa. Baada ya hapo huanikwa kwenye vichanja hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 7 au 8. Kilo 3 hivi za mbegu mbichi hutoa kilo moja iliyokauka.

"Sasa hapo katikati," mama akasema, akionyesha sanduku kwa kidevu, "ndipo njuguti inapopita."

Njuguti ndiyo kangomba yao. Wenzetu wa Kagera huita butura kwenye kahawa, sisi wa korosho tuna kangomba, na hapa mnunuzi wa mlangoni huja na fedha taslimu akanunua kakao mbichi, au hata maganda yaliyo bado mtini, kwa bei anayoitaka yeye. Serikali imeikataza, viongozi wa wilaya huikemea mwaka hata mwaka, na watu hukamatwa. Nilimuuliza mama kama amewahi kuuza njuguti. Mkwewe akaangalia pembeni kwa aibu. Mama hakuona aibu.

"Nimeuza. Mtoto alikuwa anakwenda kidato cha tano, na msiba ukaniingilia wiki hiyohiyo. AMCOS ina bei nzuri, sikatai. Lakini AMCOS inataka kakao iliyokauka, halafu nisubiri mnada, halafu nisubiri benki. Maiti haisubiri mnada, baba."

Hapo nilikumbuka jambo ambalo sisi wa korosho tumelisahau kabisa. Sheria ya stakabadhi za ghala ya mwaka 2005 ilitungwa ili stakabadhi yenyewe iwe mali. Mkulima anaweka zao ghalani, anapewa hati, anakwenda nayo benki kukopa kidogo atatue shida zake, huku zao likisubiri bei ipande. Huo ndio ulikuwa moyo wa wazo. Kwa wakulima wengi kilichobaki ni ghala, foleni na mnada wa lazima. Mkopo wa kungojea bei umepotelea njiani. Tunamfukuza mnunuzi wa njuguti kwa polisi, ilhali kitu anachouza yeye, fedha za leo jioni, hakuna mwingine anayekiuza kijijini. Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Benki ya Ushirika Dodoma tarehe 28 Aprili 2025, mwaka ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa wa kimataifa wa ushirika. Mimi nitaipima benki hiyo kwa kitu kimoja: kama mama huyu ataweza kukopa gharama za msiba kwa dhamana ya kakao yake iliyoko sandukuni.

Lakini haki itendeke. Mnada niliouona ulinivutia, na nilikuwa nimejiandaa kutovutiwa. Zamani kwetu zabuni zilikuja kwenye bahasha, zikatumbukizwa sandukuni, na mkulima akaambiwa aliyeshinda. Sasa wanunuzi wanashindana kwa mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, kila ofa inaonekana kwenye kioo kikubwa, na wakulima waliokaa kwenye viti vya plastiki ndio wanaoulizwa: tuuze au tusiuze? Nilimwona kijana akinong'ona na wenzake, wakatikisa vichwa, wakaangalia tena kioo, wakakubali. Chama kikuu, KYECU, ndicho kinachokusanya kakao ya vyama vya msingi hadi hapo. Wengi bado wanasimulia msimu wa 2024. Mavuno ya Ghana na Côte d'Ivoire yalikuwa yameharibiwa na magonjwa ya miti na hali ya hewa, tani moja ya kakao ikavuka dola 10,000 kwenye masoko ya dunia, na Kyela bei ikapita shilingi 20,000 kwa kilo, mahali ambapo miaka michache nyuma haikuwa ikifika nusu yake. Nyumba za mwaka ule unazitambua kwa mabati. Mwaka 2025 bei ya dunia ikaanza kuporomoka, na watu wakarudi kuhesabu kila kilo.

Bei ikiwa juu, hakuna anayeuliza makato. Kelele za makato huanza bei ikishuka, na hilo ni la kusikitisha, kwa sababu mwizi mwenye akili huiba wakati wa neema.

Jumapili mwalimu alinipeleka Matema, kando ya Ziwa Nyasa. Sitasema mengi. Maji yalikuwa safi kiasi cha kuona miguu yangu, Milima ya Livingstone imesimama upande wa mashariki na kushuka moja kwa moja ziwani, na samaki aina ya mbasa tuliyemla kwa ugali alistahili safari yote kutoka Newala. Wanawake wa kando ya ziwa wana vyombo vyao vya udongo, weupe wenye michoro myekundu, vinavyosafirishwa hadi mbali. Niliporudi Mbugani nilikuwa nimeungua pua.

Siku iliyofuata ndiyo niliyoisafiria. AMCOS ya mama ilikuwa na mkutano mkuu, katika darasa la shule ya msingi, nami nikaruhusiwa kukaa nyuma kama mgeni asiye na kura. Mkutano uliitishwa saa 3 asubuhi. Akidi ilitimia saa 6 kasoro, baada ya vijana wa bodaboda kutumwa kuwakusanya watu mashambani. Nilikaa kwenye dawati la darasa la tatu, magoti yakigusa kidevu, nikasoma ajenda ubaoni: kufungua, kumbukumbu za mkutano uliopita, yatokanayo, taarifa ya bodi, taarifa ya ukaguzi, makisio ya mapato na matumizi, ukomo wa madeni, mengineyo.

Ningeweza kuufuata mkutano huo macho yamefumbwa. Mwenyekiti mwenye koti, meneja kijana mwenye kompyuta mpakato, afisa ushirika wa wilaya aliyekuja kwa pikipiki na ambaye vyama vyote vya eneo lake vinamsubiri yeye mmoja. Taarifa ya bodi ilisomwa kwa kasi ya mtu anayewahi basi. Taarifa ya ukaguzi ilitoka COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama lililoundwa mwaka 1982, na hati iliyotolewa ilikuwa yenye shaka. Mwenyekiti akaitaja kwa sauti ya chini na kuendelea. Wanachama wengi walikuwa wakizungumza juu ya soda.

Katika vyama vyetu mambo mazito huangukia kwenye mengineyo. Mwanachama ananyamaza ajenda zote, anangoja mwisho, na mwisho ukifika njaa imeingia na mwenyekiti anasema tufupishe. Sijui ni nani aliyetufundisha hivyo, ila najua ni nani anayefaidika. Kwa hiyo mama alipoinua mkono palepale kwenye ukaguzi, darasa liligeuka.

"Mwenyekiti, naomba ufafanuzi. Ukurasa wa nne kuna kilo zimeandikwa unyaufu. Hizo zimekwenda wapi?"

Mtoto wa karani wa mizani alikaa wima nyuma ya darasa. Unyaufu ni uzito unaopungua zao likiwa ghalani. Ni jambo la kweli, korosho hunyauka na kakao hunyauka. Lakini ni jambo la kweli lenye nafasi ndani yake, na baba yangu alizoea kusema kwamba wezi wote wa ghala anaowajua walijificha kwenye neno hilo. Hakuna anayevunja kufuli. Mzani unalegezwa kidogo wakati wa kupokea, kila mkulima anapoteza nusu kilo asiyoiona, na ghalani inapatikana ziada isiyo na mwenyewe. Au mzani uko sawa, kilo zikachukuliwa baadaye na kuandikwa kwamba zilinyauka.

Meneja akaeleza kwamba kakao hupoteza unyevu. Mama hakukaa. "Wewe mwenyewe hunipokelei mpaka uchomeke kile kipimo chako, useme imekauka. Mara mbili umenirudisha nyumbani nikaanike tena. Sasa kama mliipokea imekauka, ghalani ilinyauka nini? Na kama ilikuwa mbichi, kwa nini sisi mliturudisha?"

Kicheko kikapasuka, kisha ukimya. Mzee mmoja wa mbele akasema polepole, bila kusimama, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana mwingine akadai kitabu cha mapokezi kiletwe, kilinganishwe na hati za chama kikuu. Mwenyekiti akasema hilo litaingia mengineyo. Darasa zima likakataa kwa mpigo. Afisa ushirika, ambaye hadi hapo alikuwa akiandika, akaweka kalamu chini na kusema taratibu kwamba mkutano mkuu ndio mkubwa kuliko bodi, na kama wanachama wanataka kitabu, kitabu kije.

Kikaja. Kilichukua muda, ufunguo ukatafutwa, lakini kikaja.

Sitasimulia kila mstari, maana ni mambo ya watu na chama chao. Inatosha kusema kwamba hesabu mbili zilizotakiwa kufanana hazikufanana, na kwamba tofauti yake haikuwa kubwa ya kutajirisha mtu. Ilikuwa kubwa ya kutosha kulipia majaliwa, yale malipo ya nyongeza ambayo wanachama waliambiwa hayakupatikana msimu ule. Hapo ndipo niliona nyuso zikibadilika. Unyaufu ulikuwa namba, na sasa umekuwa sare ya shule.

Jioni, nyumbani Mbugani, tuliijadili siku hiyo na mwalimu hadi usiku. Alinikumbusha kwamba nchi hii ya Wanyakyusa iliwahi kuwa na utaratibu wake wa madaraka, ulioandikwa na Monica Wilson aliyefanya utafiti huku miaka ya 1930. Vijana wa rika moja walijenga kijiji chao tangu wakiwa wadogo, wakakaa pamoja maisha yote, na ujirani mwema huo waliuita ukwangala. Baada ya kizazi hivi ilifanyika ubusoka, sherehe ya wazee kuwakabidhi vijana ardhi na uongozi. Mwalimu aliusifu sana. Mimi nilimwambia kuwa wanawake hawakukabidhiwa chochote katika sherehe hizo, na leo aliyelitikisa darasa ni mama mkwe wake. Akakubali, lakini akashikilia moja: kila mtu alijua kwamba siku ya kuondoka ipo. Wajumbe wa bodi zetu wanaopokezana viti, leo mwenyekiti kesho makamu kesho kutwa mwenyekiti tena, siku hiyo wameifuta kwenye kalenda.

Nikiyaweka pamoja niliyoyaona, hukumu yangu ni hii. Mageuzi ya ushirika yamefanikiwa palipo mbali na mkulima, yakasimama hatua chache kabla ya kumfikia. Mnunuzi wa kimataifa na chama kikuu sasa wanaonana kwenye kioo, na hapo udanganyifu umekuwa mgumu. Ushuru wa halmashauri, asilimia 3 ya bei kwa mazao ya biashara, umeandikwa kwenye sheria na humwangukia mnunuzi, ingawa naye huupiga hesabu ndani ya ofa yake. Vyama vinasajiliwa na kuripoti kwenye mfumo wa kidijitali wa MUVU. Yote ni mazuri. Lakini kati ya mlango wa nyumba ya mkulima na mlango wa ghala la AMCOS kuna mzani mmoja, karani mmoja na daftari moja, na hapo hakuna kioo. Kioo chake ni mkutano mkuu, na mkutano huo unaendeshwa kwa akidi ya kuokoteza na ajenda ya kukimbizana na njaa.

Wapo wanaosema dawa ni kuviondoa vyama hivi, mkulima auze anakotaka. Nimewasikia Newala na nimewasikia Kyela, tena baadhi yao ni wakulima wenyewe waliochoshwa. Sikubaliani nao, na sababu yangu si mapenzi ya ushirika. Mkulima mwenye kilo 40 hana nguvu ya kujadiliana na meli. Tulijaribu kuvifuta mwaka 1976, na miaka 6 baadaye tukaviunda tena kwa sheria, madeni yakiwa yamerundikana na uzoefu umetawanyika. Dawa nyingine inayopendwa, ya kumpa Mrajis mamlaka zaidi ya kuvunja bodi, inafanya kazi siku ile bodi inapovunjwa. Mwaka unaofuata bodi mpya inapokea ufunguo uleule, daftari lilelile na wanachama walewale wanaongoja mengineyo.

Asubuhi ya kuondoka mama alinifungia kilo mbili za mchele na chupa ya mawese, akaniuliza kama Newala kuna watu wanaoulizia unyaufu. Nikamwambia wapo, ila hawajauliza kwenye ajenda inayotakiwa.

Mkutano wa siku ile uliahirishwa bila kupitisha makisio. Bodi ilipewa siku 30 kuleta maelezo ya maandishi juu ya kilo zilizopotea, na wanachama wanne, wawili wakiwa wanawake, walichaguliwa kusimama kwenye mzani kila siku ya mapokezi na kuandika uzito kwenye daftari lao wenyewe, mbali na la karani. Daftari hilo, kalamu na ratiba ya kupokezana viligharimu chini ya posho ya kikao kimoja cha bodi. Wewe unayesoma haya, kama una kadi ya AMCOS, iwe ya kakao, korosho, kahawa, pamba au ufuta, msimu ujao nunua na wenzako daftari kama hilo, na taarifa ya ukaguzi ikisomwa inua mkono hapohapo.